Ngozi ya Kubebea Niliyoikata Mimi

Anastazia mwanangu,

Sitaanza na "mimi ni mzima, sijui hali yako", maana hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi viwili ukaacha cha tatu. Umefunga sanduku, ukalifungua, ukalifunga tena. Sasa umepanda kilima cha pili kumuaga bibi yako, na kwa jinsi bibi yako anavyojua kuzungumza hutarudi kabla jua halijaanza kushuka. Kwa hiyo nina mchana mmoja wa kuandika. Naandika nikiwa na hasira, na nimeamua nisiisubiri ipoe, kwa sababu kila mara ilipopoa nilinyamaza tena.

Mambo ya sabuni, ya kuwaamkia wakufunzi huko chuoni, ya kutokaa nyuma kabisa kwenye lori la kesho la kwenda Biharamulo, hayo mama yako atakuambia, na atayarudia mpaka lori liwake. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni miaka minne.

Jana nilikuwekea bunda kwenye sanduku. Ndani mna kisu changu kifupi, msharasi wa kutobolea ngozi nilioutengeneza kwa spoku ya baiskeli, sindano mbili, donge la nta na uzi wa mkonge. Leo asubuhi nimelikuta juu ya kiti changu, limefungwa vilevile nilivyolifunga. Nilikasirika. Nikasema, mtoto huyu ana kiburi, nampa zana zangu zote ananirudishia kama ananirudishia sahani chafu. Nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Mzunguko wa pili hasira ikageuka ikanielekea mimi mwenyewe, na ndipo nilipochukua daftari hili la kufundishia watu wazima nikararua karatasi.

Unajua nilivyoanza kazi ya ngozi, lakini unajua nusu. Walipotuteremsha kutoka kilimani kutuleta hapa kando ya barabara, kwenye kijiji kipya, mimi nilikuwa mtu wa migomba. Babu yako alinipa migomba na mimi niliiongeza. Siku waliyokuja kuezua nyasi za paa letu tulikuwa tumekaa ndani, na mkungu mmoja ulikuwa bado wiki moja ukatwe. Nikauacha. Hapa tukapewa kiwanja na mistari ya chokaa, tukaambiwa migomba itakuja. Kwa mwaka mzima nilikuwa mwanamume mwenye mikono miwili na sina cha kushika. Usiku wa mikutano nilikwenda mikutanoni, mchana wa shamba la pamoja nilikwenda shamba la pamoja, na muda uliobaki nilikaa nikikasirika. Mama yako akasema nitafute cha kufanya kabla sijaanza kugombana na kuku.

Wakati huo nikapelekwa wiki sita Biharamulo kwenye kozi ya ualimu wa elimu ya watu wazima. Jumamosi wenzangu walilala. Mimi niliazima baiskeli nikaenda Nemba, maana nilisikia huko kuna mzee Mwislamu anaitwa Sadiki anayelainisha ngozi hadi unaweza kuikunja kama leso. Nilimwambia sitaki kuwa fundi, nataka tu kitu cha kufanya jioni. Alifurahi sana. Akasema wanaokuja kutafuta ufundi wanataka kujua kila kitu kwa siku moja, anayekuja kujifurahisha ndiye anayesikiliza. Mimi sikusikiliza, lakini hilo utaliona.

Alinipa kipande kidogo cha ngozi ya mbuzi, akaniambia nitengeneze ala ya kisu, basi. Mara tano. Nisiguse kitu kingine mpaka ya tano. Niliona ananidharau. Nilitengeneza ala moja, ikatoka imepinda, nikasema inatosha, nikarukia viatu. Ngozi ya viatu niliikata upande wa tumbo kwa sababu ndiko ilikokuwa laini na kisu kilipita bila shida. Nikavivaa kwenda misa. Kufika komunyo kiatu cha kulia kilikuwa kimevutika kikauzidi mguu wangu kwa vidole vitatu. Wewe ulicheka kanisani na mama yako akakufinya. Ngozi ya mgongoni ndiyo ya kazi, mwanangu. Ya tumbo inakubali kila unachokitaka siku ya kwanza, halafu inavutika na kulegea.

Nilianika ngozi juani kwa haraka zangu, zikakauka kama mbao. Nilitoboa matundu karibu mno na ukingo, uzi ukapasua. Nilishona kwa sindano moja, kama mtu anayetia kiraka suruali, na mshono mmoja ulipokatika wote ukafumuka. Kovu hili la kidole gumba nililipata kwa kisu butu, si kikali. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu, na nguvu ikiponyoka haina mahali pa kwenda ila mkononi mwako.

Na wewe ulikuwa pale. Miaka kumi na mitatu, umekaa chini miguu umeinyoosha, unaokota vipande nilivyotupa. Ulitengeneza kamba ya ndoo. Ukatengeneza ala ya kisu cha mama yako ikatoka imenyooka, mara ya kwanza. Ile ya kwanza. Nilikusifu mbele ya watu na moyoni nikaona wivu, nami ni baba yako. Ulikuwa na mkono uliotulia. Ulipiga mstari kwa msumari kwanza, ukautazama, halafu ndipo ukakata. Hakuna aliyekufundisha hivyo. Na ulikuwa unaimba kwa pua ulipokuwa unashona, na tangu siku ile sijawahi kukusikia tena ukiimba kwa pua.

Siku ile sasa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja akasema mgeni mkubwa anakuja baada ya siku tatu kukagua kijiji, na kijiji lazima kimpe zawadi ya kazi ya mikono. Wengine watatoa vikapu. Akanigeukia. "Wewe si fundi wa ngozi?" Mtu mwenye akili angesema hapana, mimi najifurahisha tu, sijawahi kushona mkoba. Mimi nikasema kwa mkoba mmoja siku tatu ni nyingi. Watu wakapiga makofi. Kulikuwa na viwanja karibu na maji vilivyokuwa havijagawiwa, na mimi nilikuwa naviangalia wakati napigiwa makofi. Hayo nayaandika ili uyajue yote.

Ngozi niliyokuwa nayo ilikuwa imelowekwa kwenye pipa. Nilipoitoa ilikuwa inanuka na manyoya yakatoka pamoja na ngozi yenyewe. Sadiki alikuwa ameniambia siku ngapi, nami nilizidisha kwa uvivu. Nikaenda nyumba tatu kuomba ngozi, hakuna. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikafika mchana. Nikarudi ndani, nikanyanyua macho, na pale ukutani ilikuwa inaning'inia ile ngozi ya kondoo ya mama yako, ingobyi, aliyobebea watoto wake.

Sina haja ya kukueleza kwetu ngozi ile ni nini, lakini nitajieleza mimi mwenyewe, kwa sababu siku ile nilijifanya sijui. Haikatwi. Haiazimwi kwa kazi nyingine. Bibi yako alimpa mama yako ulipokuwa tumboni, na wewe ukizaa utapewa. Ulibebwa ndani yake, akabebwa Deo, akabebwa Yohana. Yohana alikufa kwa surua akiwa mgongoni mwa mama yako njiani kwenda zahanati, na mama yako hakujua mpaka alipofika akaifungua. Aliifua yeye mwenyewe, doa moja la kahawia likabaki ukingoni, akaipaka siagi, akaitundika. Hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Ilikuwa laini. Hilo ndilo nililoliona. Mkono wangu ukashika mahali palipochakaa kwa kubeba watoto wetu, nikafikiri, hii itakunjika vizuri.

Nikaikata. Mama yako alikuwa shamba la pamoja. Nilikata nikiwa nimesimama, haraka, na sehemu yenye lile doa la kahawia ukingoni nikaikata nikaitupa ili asije akaitambua. Iliyobaki nikaizamisha kwenye maji ya magome mpaka ikawa nyekundu nyeusi. Nikashona mchana kutwa siku ya tatu, kwa sindano mbili safari hii, uzi mmoja, sindano huku na sindano huku zikipishana kwenye tundu moja, kama Sadiki alivyotaka. Ndio mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Hilo nalo linanikera hadi leo.

Mgeni akaja. Mwenyekiti akampa mkoba, wanawake wakapiga vigelegele, na mama yako alikuwa mstari wa mbele. Nilimwona akipiga vigelegele akiitazama ngozi yake. Mgeni akashukuru, akazungumza juu ya kujitegemea, akaingia kwenye gari. Mkoba akausahau kwenye kiti. Aliusahau, Anastazia. Haukufika hata kwenye gari. Mwenyekiti akauchukua akasema atamtunzia, akautumia yeye kuwekea karatasi zake. Na kiwanja cha karibu na maji kikaenda kwa shemeji yake.

Kesho yake mama yako akatazama ukutani.

Alitafuta kwanza nyumba nzima. Halafu akaona kwenye vitu vyako kile kifuko kidogo cha kalamu ulichokuwa unakishona. Ulikuwa umeokota kipande nilichokitupa, ukadhani nimepata ngozi mpya, ukakishona kifuko, na lile doa la kahawia ukaliweka mbele kwa kuwa lilikupendeza. Akakushika mkono. Akakuuliza ngozi iliyobaki iko wapi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Wewe ukanitazama. Nakumbuka jinsi ulivyonitazama, hukuwa unaniomba chochote, ulikuwa unasubiri tu niseme, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba nitasema.

Nikasema, "Si nilikukataza kugusa vitu vya mama yako?"

Nikaongeza kwamba iliyobaki labda mbwa wameivuta.

Alikupiga kwa mwiko wa ugali mpaka ukavunjika. Hukulia. Ulipomaliza kupigwa ulikiweka kile kifuko mezani mbele yangu, ukatoka. Tangu siku ile hukugusa ngozi. Alipozaliwa mdogo wenu Paskali, mama yako alimbeba kwa kanga, na kila alipojifunga kanga ile alikutupia jicho. Nililiona jicho hilo kila siku. Nilikula chakula nikiliona. Na mimi jioni niliendelea kukaa na ngozi zangu nikijifurahisha, na nikakosa haya hata ya kukuuliza kwa nini huji tena kukaa nami.

Nina hasira na mwenyekiti, na yule mgeni, na waliotuezulia paa. Nimekuwa nazo miaka yote hii na zimenisaidia sana, maana mtu mwenye hasira na watu wakubwa hana muda wa kujitazama. Lakini hakuna kati yao aliyekuwa amesimama mlangoni. Na nina hasira na wewe pia, niiseme. Kwa nini ulinyamaza? Ungesema "ni baba" mara moja tu, ningekana, mama yako angejua kwa kunitazama, na yangekwisha siku ile ile. Najua jibu. Uliniachia mimi niseme. Umeniachia miaka minne.

Sasa sikia lililotokea mwezi uliopita, ulipokuwa kwa shangazi yako huko Kaniha. Unajua tangu adui avuke mpaka huko juu kijiji hakijalala, vijana wamekwenda, na kila wiki kuna mchango wa kupeleka mbele, mahindi, maharage, ng'ombe. Sijawahi kukataa kutoa na sitakataa. Mwenyekiti ndiye anayezunguka kukusanya. Akaja hapa na mkoba ule, mshipi umekatika, akasema niushone na niurefushe aweze kuuvaa begani. Akaniwekea mapajani.

Miaka minne sikuwa nimeushika. Kwa ndani, chini ya rangi, palikuwa bado pamechakaa palepale.

Nikamwambia hautoki tena nyumbani kwangu. Akacheka. Nikarudia. Akasema mkoba ni mali ya kijiji na wakati wa vita mtu anayezuia kazi ya mchango anaandikwa. Nikamwambia aandike, na nikamtajia herufi za jina langu moja moja asije akakosea, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kuandika. Akaondoka mikono mitupu. Mpaka leo hajaandika, na kama ataandika shauri yake.

Nikafumua mshono wote. Nikaufungua vipande vinne, nikaviunganisha kama vilivyokuwa, nikavishona upya. Pembe moja niliweka kile kifuko chako nilichokificha darini miaka yote hii, nikakifungua, nikalirudisha doa mahali pake. Ni ingobyi tena, ya namna yake. Imekuwa nyekundu nyeusi, pembe moja nyeupe, na mishono inaonekana. Ningeweza kuipindisha ndani isionekane. Nikaiacha nje.

Nilikuwa nimepanga nikufichie chini ya sanduku pamoja na barua hii, uikute huko chuoni, ukiwa mbali nami. Ndivyo nilivyopanga mpaka nilipofika mstari huu. Sasa nausoma mpango wangu na naona ni mlango ule ule, nimeuhamishia mbali tu. Mama yako yuko jikoni anamenya ndizi za chakula chako cha njiani. Ngoja.

Nimerudi.

Nilimpelekea ngozi mikononi. Aliitazama. Akaifikia ile pembe yenye doa, akaishika kwa vidole viwili.

"Ni wewe," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni mimi."

Akamenya ndizi mbili. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Nikamweleza yote, mkoba, mgeni, kiti, mbwa. Nilipofika kwenye vigelegele akaniambia ninyamaze, nikanyamaza, halafu akaniambia niendelee. Nilitegemea atanipiga kwa ule mwiko mwingine. Ingekuwa nafuu.

"Nilimvunjia mwiko mwanangu," akasema, "na wewe umesimama pale."

Kisha akaona karatasi mkononi mwangu, akauliza ni nini. Nikamwambia ni barua yako, nimeyaandika humo, nitakutilia kwenye sanduku. Hapo ndipo alipokasirika hasa. Nilidhani mimi ndiye mwenye hasira katika nyumba hii, kumbe sikujua kitu.

"Akasome kwenye lori, peke yake, katikati ya magunia? Alipigwa mbele yako. Utamsomea mbele yangu."

Akasema na ngozi huendi nayo kesho. Ni yake, haijawa yako bado, ukizaa utakuja kuichukua hapa kwa mkono wake. Zana ndizo utakwenda nazo, na hilo si ombi. Akaniagiza siagi. Sasa amekaa nje na ngozi mapajani, anaipaka kwenye mishono yangu, anasugua kwa kiganja, anasugua, na kila akipita kwenye mshono ananitazama.

Basi ninayotaka kukuambia kuhusu kazi ya ngozi ni machache. Anza tena na kitu kidogo, ala ya kisu, kifuko cha kalamu. Kausha kivulini. Noa kisu kabla hujakihitaji. Jumamosi yako ya chuoni iwe yako, na akitokea mtu akasema kwa kuwa unajua ngozi mshonee mkubwa fulani kitu, mwambie hujui, unajifurahisha tu. Uongo huo nimekuruhusu. Wenzako wakitaka kukaa nawe waokote vipande, waache waokote, na kipande kikiulizwa kimetoka wapi, wewe ndiye useme, kabla mtoto hajanyanyua macho kukutazama.

Sikuombi unisamehe. Nikikuomba leo utanikubalia kwa sababu unaondoka, na mimi nitaupokea msamaha huo kwa sababu ni rahisi, na tutakuwa tumekata ngozi ya tumbo.

Nakusikia barabarani, unamwamkia jirani. Mama yako ametoa vigoda viwili. Keti karibu naye, mwanangu. Mimi nitasimama mlangoni, palepale niliposimama siku ile, na nitaanza kusoma kuanzia jina lako.

Baba yako